Kwa nini maafisa vijana wa uwandani wanaondoka mapema

Swali: Ninaongoza shirika dogo linalofanya kazi na vikundi vya wakulima, vya akiba na vya maji vijijini. Ndani ya miaka mitatu tumeajiri vijana sita wenye shahada. Watatu waliondoka kabla ya kumaliza mwaka. Wa nne aliondoka baada ya miaka miwili, na ndiye niliyekuwa namtegemea kuliko wote. Wamebaki wawili. Mfadhili hataki kuongeza kifungu cha mishahara. Bodi inapendekeza wanaokuja wasainishwe mkataba wa kukaa miaka mitano, na atakayeuvunja alipe. Wajumbe kadhaa wanasema vijana wa siku hizi hawawezi shida. Tufanye nini?

Jibu: Ndugu mkurugenzi, tuanze na hiyo hesabu yako, maana ndani yake mna matatizo mawili na bodi imeyafanya moja. Anayeondoka kabla ya mwaka haondolewi na kitu kilekile kilichomwondoa aliyekaa miaka miwili. Wa kwanza amekuta kazi isiyofanana na aliyoelezwa, au amefika akakosa wa kumpokea. Wa pili aliijua kazi, akaipenda, halafu akatazama mbele asione pa kwenda. Mkataba wa miaka mitano haumtibu yeyote kati yao. Utawafanya wakae wakiwa wamekasirika, na mwanakijiji huwa wa kwanza kumtambua afisa aliyekasirika.

Hiyo kauli ya vijana wa siku hizi naiweka kando kwa sababu moja tu: hata ikiwa kweli, huna vijana wengine wa kuajiri.

Nenda kwanza kwenye tangazo lenu la kazi. Sijaliona, lakini nadhani lina maneno "awe tayari kufanya kazi katika mazingira magumu" na "awe na moyo wa kujitolea". Matangazo mengi ya kazi za vijijini yameandikwa hivyo, na yakiishia hapo yanamwambia mwombaji jambo moja: hapa utateseka. Hayasemi atajifunza nini, atasimamia nini, wala baada ya miaka mitatu atakuwa nani. Mwenye uwezo na njia nyingine analipita. Wanaobaki kuomba ni wachache wenye wito wa kweli, wakiwa wamechanganyika na wengi wanaotafuta pa kujishikiza mpaka wapate kwingine. Kwenye usaili wote watakuambia wanapenda kuihudumia jamii, kwa sababu tangazo limeshawaambia ndivyo unavyotaka kusikia.

Jambo hili limepimwa. Mwaka 2010 serikali ya Zambia ilianzisha kada mpya ya wahudumu wa afya ya jamii, na watafiti Nava Ashraf, Oriana Bandiera na mwenzao Scott Lee wakashirikiana nayo kujaribu mabango mawili. Kazi ileile, malipo yaleyale. Katika wilaya nyingine bango lilisisitiza kuihudumia jamii. Katika nyingine lilisisitiza kwamba hii ni ngazi ya kupandia katika utumishi wa afya. Wengi wangetegemea bango la pili livute wababaishaji. Ikawa kinyume. Waliovutwa na nafasi ya kupanda walitembelea kaya zaidi kwa asilimia 29 kuliko wenzao, na katika maeneo yao sehemu ya watoto wenye uzito pungufu ikashuka kwa robo. Tamaa ya kuendelea na moyo wa kuhudumia vilikuwa vinakaa ndani ya mtu mmoja bila kugombana.

Kuhusu malipo yenyewe ushahidi una pande mbili, na ni vizuri bodi iuone wote. Nchini Meksiko, mwaka 2011, programu ya serikali ya maendeleo ya maeneo maskini ilitangaza nafasi zake kwa mishahara miwili: mahali pengine peso 3,750 kwa mwezi, mahali pengine 5,000. Mshahara mkubwa ulileta waombaji wenye uwezo zaidi na wenye moyo wa utumishi usiopungua wa wenzao, na ukawafanya wengi zaidi wakubali kwenda, hata kwenye manispaa za mbali. Uganda mambo yalikuwa mengine. Shirika la maendeleo la BRAC lilipokuwa likitafuta wahamasishaji wa afya wa vijijini, mtafiti Erika Deserranno aliona kwamba pale watu walipoelezwa kuwa kazi hiyo mpya ina kipato kikubwa, waliojitokeza walikuwa na moyo mdogo wa kusaidia wengine na hawakudumu kama wenzao. Mimi sioni mgongano hapo. Kazi ya Uganda ilikuwa ngeni. Watu hawakujua ni kazi ya namna gani, kwa hiyo kipato ndicho kilichowaeleza kuwa ni biashara. Kazi ikishaeleweka ni ya nini, mshahara mzuri haumfukuzi mwenye moyo. Ninyi mnapoandika, elezeni kwanza kazi kwa vitendo: vikundi vingapi, maamuzi gani atayafanya mwenyewe, stadi gani ataondoka nazo. Kisha mtaje mshahara kwa tarakimu. Maneno "mshahara mnono kulingana na uzoefu" yafuteni. Yanawapotezea muda ninyi na waombaji.

Nani wa kumchukua? Katika huduma za afya, ambako suala hili limechunguzwa zaidi kuliko kwingine, jibu limekuwa lilelile kwa miongo kadhaa: aliyekulia kijijini ana uwezekano mkubwa zaidi wa kufanya kazi kijijini na kubaki. Shirika la Afya Duniani liliweka jambo hilo katika mwongozo wake wa mwaka 2010, likalirudia katika ule wa 2021. Japani ililijengea chuo kizima. Chuo Kikuu cha Tiba cha Jichi, kilichoanzishwa mwaka 1972, huchukua wanafunzi wachache kutoka kila mkoa, kikawasomesha kwa mkopo unaofutwa mhitimu akirudi kutumikia mkoa wake kwa takribani miaka tisa.

Ila msiende hadi mwisho wa wazo hilo mkampeleka kijana kijiji alichozaliwa. Siku ya kuandika orodha ya watakaopata mbegu au mkopo, shangazi atakuwa mlangoni, na akimnyima ni ugomvi wa ukoo, akimpa ni ugomvi wa kijiji. Mpelekeni tarafa ya jirani: lugha anaijua, msimu anaujua, nyumbani anafika kwa siku moja, lakini hana deni la ukoo.

Halafu jiulizeni kama nafasi hizo sita kweli zinahitaji shahada. Mashirika mengi huweka shahada kwenye tangazo kwa sababu mfadhili anapenda kuiona kwenye andiko la mradi, kisha anayeipata anashinda akijaza mahudhurio ya mikutano na kupiga picha za ushahidi. Mhitimu wa chuo kikuu akifanya kazi hiyo miezi minane ataondoka, na ana haki. Mwenye stashahada au astashahada ya kilimo au maendeleo ya jamii huenda akaifanya vizuri zaidi na kwa furaha, mkabaki na nafasi mbili za shahada zenye uzito unaolingana na jina.

Usaili ufanyieni uwandani. Simaanishi ziara ya asubuhi moja yenye chakula cha mchana. Wale watatu au wanne waliofika mwisho wapelekeni kituoni kwa siku mbili, mkiwalipia nauli na siku zenyewe. Walale pale watakapolala wakiajiriwa. Wakae kwenye mkutano mmoja wa kikundi tangu mwanzo hadi mwisho, wasimamiwe na afisa aliyepo, na muda fulani waachwe naye bila bosi ili waulize wanachotaka. Mmoja atajitoa akirudi. Mshukuruni, amewaokolea miezi mitano ya mshahara na aibu ya kukitambulisha kikundi kwa afisa mwingine tena. Kwa waliobaki, waombeni viongozi wa kikundi wawape maoni yao. Mara nyingi huwa wameona mambo ambayo jopo la usaili halikuyaona: nani alisikiliza, nani alishika simu muda wote, nani aliwasalimia wazee kabla ya kufungua daftari.

Sasa nafika mahali ambapo, kwa maoni yangu, wale watatu walipotelea. Miezi sita ya kwanza.

Utaratibu uliozoeleka ni huu. Kijana anaripoti makao makuu Jumatatu. Anapewa siku mbili za mafunzo elekezi, ambazo siku moja na nusu ni fomu za fedha na sera za ofisi. Anakabidhiwa kompyuta, funguo za pikipiki na mpango kazi wenye malengo ya robo mwaka iliyokwisha kuanza. Alhamisi yuko kijijini, peke yake. Anaitisha mkutano, wanakuja watu kumi na moja. Mzee mmoja anasimama kuuliza habari ya pampu iliyoahidiwa na afisa aliyepita. Kijana hajui lolote kuhusu pampu. Anapiga simu ofisini, anajibiwa "hilo tutaliangalia". Wiki ya pili watu saba. Mwisho wa mwezi anatakiwa ripoti yenye takwimu ambazo hana, na hapo anakutana na uamuzi ambao hakuna mafunzo yaliyomwandaa nao: aandike ukweli aonekane ameshindwa, au apike namba. Akipika mara moja, moyo wa kazi umekwisha. Atakaa, lakini kwa mwili tu, mpaka tangazo jingine litoke.

Hakuna ugumu wa mazingira hapo. Maji ya kisima, giza, matope, mtandao wa kusuasua, vyote hivyo vijana wanavizoea haraka kuliko tunavyofikiri. Wasichozoea ni kuwa na wajibu bila mamlaka na bila mtu wa kumwuliza.

India kuna shirika liitwalo PRADAN, lililoanzishwa mwaka 1983, ambalo limejenga kazi yake yote juu ya wazo la kuwapeleka wahitimu wa vyuo vizuri kuishi na kufanya kazi na jamii maskini za vijijini. Hawaanzi kama maafisa. Wanaanza na mwaka wa uanagenzi chini ya mwelekezi wa uwandani, na sehemu ya mwaka huo ni kukaa kijijini kwa ajili ya kujifunza maisha ya watu. Kijana anapata muda wa kuichunguza kazi, na kazi inapata muda wa kumchunguza kijana. Wengine huondoka ndani ya mwaka huo, na shirika limelipangia jambo hilo, halilihesabu kuwa msiba.

Ninyi hamna uwezo wa mwaka mzima, sawa. Lakini mwezi wa kwanza bila malengo mnaweza. Mwezi huo kazi yake iwe moja: aijue historia ya kila kikundi, ahadi zilizotolewa na zilizovunjwa, nani hasemi kwenye mikutano na kwa nini, kisha aandike kurasa tatu nne kwa maneno yake. Kurasa hizo zitakuwa na thamani kuliko ripoti zenu za mwaka jana. Na kama inawezekana hata kidogo, anayeondoka na anayeingia wakutane kituoni angalau wiki mbili. Najua bajeti inalia: mishahara miwili kwenye nafasi moja. Wiki mbili ni rahisi kuliko miezi mitatu ya kikundi kuanza upya kumwamini mgeni.

Ajirini wawili wawili mkiweza. Si lazima wakae kijiji kimoja. Vituo vya umbali wa saa moja vinatosha, mradi waanze siku moja na wakutane kila wiki. Mtu wa rika lako anayekutana na matatizo yaleyale ni msaada ambao hakuna msimamizi anayeweza kuutoa, kwa kuwa kwake unaweza kusema umeshindwa.

Msimamizi, hata hivyo, ndiye msumari wa jengo hili. Mtaalamu wa Uingereza Robert Chambers alieleza, tangu miaka ya 1980, jinsi wataalamu wanaotembelea vijiji wanavyoona vilivyo kando ya barabara na wanavyokwenda wakati wa kiangazi, kisha wakarudi mjini wakiamini wameviona vijiji. Wasimamizi wetu wanawafanyia hivyo hivyo maafisa wao. Afisa wa kituo cha kando ya lami anatembelewa kila mwezi. Yule wa ng'ambo ya mto anatembelewa mara mbili kwa mwaka, mvua zikiisha, na mara zote mbili ni kwa sababu kuna mgeni wa mfadhili. Angalia kumbukumbu zenu za safari uone waliokaa vituo vya mbali walitembelewa mara ngapi. Nadhani utapata jina la aliyeondoka kwanza.

Weka simu ya kila wiki, siku moja na saa moja isiyobadilika, ambayo ni marufuku kuzungumzia ripoti. Maswali mawili yanatosha: wiki hii nini kimekushinda, na nini unataka nikuondolee. Na kwenye tathmini ya msimamizi mwenyewe ongezeni kipengele cha watu wake: wangapi wamedumu, wangapi wameongeza ujuzi. Msimamizi asiyepimwa kwa jambo hilo atalifanya siku akipata nafasi, na nafasi haipatikani.

Tuje kwenye pesa, kwa kuwa umesema hakuna ya kuongeza. Mwaka 1959 Frederick Herzberg na wenzake, baada ya kuwahoji wahandisi na wahasibu wapatao 200 nchini Marekani, walionyesha kwamba yanayomkera mtu kazini na yanayomsukuma afanye vizuri si pande mbili za kitu kimoja. Mshahara, sera za ofisi, usimamizi mbovu na hali ya mahali pa kazi vinakera vikiharibika. Kufanikisha jambo, kutambuliwa, kupewa wajibu na kukua ndivyo vinavyosukuma. Nadharia hiyo imekosolewa sana tangu hapo, lakini kwa swali lako ina faida moja: inakuonyesha kwamba kero nyingi za fedha zinaondoka bila kupandisha mshahara hata kidogo.

Mfano. Afisa anajaza mafuta kwa pesa yake, anatuma risiti, anarudishiwa baada ya wiki saba. Huo ni mkopo, na anayemkopesha mwajiri ndiye mwenye mshahara mdogo kuliko wote ofisini. Mpeni masurufu, yaani pesa ya matumizi ya kazi, mwanzoni mwa mwezi. Vifurushi vya intaneti vya kutuma ripoti, vilevile. Mfano wa pili unaudhi zaidi: mtu wa makao makuu anakuja kijijini siku tatu, analipwa posho ya kujikimu kwa kila usiku, wakati aliyempokea, aliyemtafutia pa kulala na atakayebaki pale baada ya gari kuondoka, halipwi kitu kwa kuwa "yuko kituoni kwake". Hakuna kijana asiyeijua hesabu hii, na hakuna anayeisema kwenye mahojiano ya kuondoka. Punguzeni safari za makao makuu, au punguzeni kiwango cha posho, na tofauti yake iwe posho ya kituo kwa walio mbali.

Posho hiyo ipangwe kwa ngazi na ngazi ziwe wazi. Gambia ilipoanza mwaka 2006 kuwalipa posho ya mazingira magumu walimu wa shule za mbali, kigezo kilikuwa umbali kutoka barabara kuu, na kiwango kikawa kati ya asilimia 30 na 40 ya mshahara wa msingi. Kwenu asilimia 10 na 20 zinaweza kutosha. Posho ya siri, anayopewa aliyelalamika sana, inaharibu kuliko kutokuwa nayo kabisa.

Kwa mfadhili usiombe nyongeza ya mishahara, umeshajibiwa. Mpelekee gharama ya kuondoka kwa watu. Kaa na mhasibu mkusanye matangazo, usaili, mafunzo, miezi ambayo kituo hakikuwa na mtu, malengo yaliyosogezwa robo moja mbele. Weka takwimu hiyo kando ya gharama ya bima ya afya, posho ya kituo na kodi ya nyumba kwa maafisa sita. Wafadhili wengi hukataa neno mshahara lakini hukubali kifungu cha gharama za moja kwa moja za mradi, na nyumba ya afisa kituoni ni gharama ya mradi.

Kuna jambo moja halihitaji hata senti. Mikataba yenu, kama ilivyo kwa mashirika mengi, nadhani ni ya mwaka mmoja mmoja kufuata fedha za mradi, na barua ya kuongezewa hutoka wiki ya mwisho. Basi jua kwamba kuanzia mwezi wa tisa afisa wako anatafuta kazi, hata anayeipenda hii. Ana kodi, pengine ana mtoto au mdogo wake shuleni. Akiitwa kwingine mwezi wa kumi na moja ataenda, na ninyi mtaandika kwenye ripoti kwamba vijana hawana uvumilivu. Toeni jibu miezi mitatu kabla. Kama fedha hazijathibitishwa, semeni hivyo kwa maandishi, mkieleza uwezekano ni upi na siku gani mtajua. Mtu mzima anaweza kuishi na habari mbaya. Kunyamaziwa ndiko kunakomwondoa.

Kwa maafisa wa kike yapo mambo ya kutangulia yote haya, na nitayasema kwa ufupi kwa sababu hayana mjadala. Nyumba yenye mlango unaofungika na choo chake. Kutotumwa kwenye mkutano utakaomrudisha usiku bila usafiri wa uhakika. Mtu wa kumripotia usumbufu ambaye si msimamizi wake, mwenye jina na namba inayojulikana. Likizo ya uzazi ambayo haimgharimu kituo chake. Na ulizeni, kwa wanawake na wanaume, habari za mwenzi: afisa ambaye mume au mke wake hawezi kupata kazi karibu hatadumu, awe na moyo wa namna gani. Wakati mwingine simu moja kwa mkuu wa shule au wa kituo cha afya cha jirani inatatua jambo ambalo posho ya mwaka isingelitatua.

Sasa mkataba wa bodi. Meksiko imewataka wanafunzi wake wa udaktari kutoa huduma ya jamii tangu mwaka 1936, wengi wao wakipangiwa vijijini, na nchi nyingi zimefuata njia kama hiyo. Kulazimisha kunaleta watu, hilo halina ubishi. Lakini kunaleta watu wa zamu, na mwongozo wa Shirika la Afya Duniani unapozungumzia utumishi wa lazima unataka uambatane na msaada na motisha zinazostahili. Tena serikali ina njia za kumbana mhitimu ambazo shirika dogo halina. Ninyi mtamfanya nini anayevunja? Mtampeleka mahakamani kijana asiye na kitu? Msije pia mkashawishika kushikilia vyeti vyake. Hicho ni kitendo cha aibu, na huenda kikawafikisha pabaya kisheria.

Dhamana ya muda naikubali mahali pamoja: mmemlipia mtu kitu kikubwa chenye thamani nje ya shirika lenu, kama kozi ya mwaka mmoja. Hapo akae muda unaolingana na gharama, na deni lipungue kila mwezi anaokaa. Jichi wanafanya hivyo kwa sababu kijana alijua kabla ya kuingia anapata nini na anatoa nini. Kumfunga mtu miaka mitano kwa siku mbili za mafunzo elekezi si dhamana.

Badala yake ningewashauri makubaliano ya miaka mitatu, yasemwe wazi tangu usaili kwamba ni mitatu. Mwaka wa kujifunza, mwaka wa kusimamia eneo lake, mwaka wa kumfundisha anayefuata. Japani ina mpango wa kitaifa ulioanza mwaka 2009 unaowapeleka watu wa mijini kwenye maeneo yanayopoteza wakazi, kufanya kazi za kuyahuisha kwa muda wa mwaka mmoja hadi mitatu. Zaidi ya nusu ya waliomaliza muda wao wamebaki kuishi eneo lilelile au jirani yake. Mpango huo una msaada wa kuanzisha shughuli za kujitegemea, kwa hiyo sitaki kuupa muda peke yake sifa zote. Lakini unaonyesha kwamba kumpa mtu tarehe ya mwisho hakumfukuzi. Shirika lenye maafisa sita wanaokaa miaka mitatu kila mmoja, wakipishana wawili kila mwaka, ni shirika imara. Lengo la mtu kubaki daima silipendi hata kidogo. Linawafanya wakurugenzi wamwone anayeondoka kama msaliti, na wanaobaki wanalitazama jambo hilo kwa makini sana.

Yule aliyekaa miaka miwili alihitaji kitu kingine. Kwenu, kama ilivyo kwingi, kupanda cheo ni kuhamia makao makuu, na makao makuu kuna viti vitatu vilivyokaliwa. Tengenezeni ngazi ya uwandani: afisa, afisa mwandamizi, mwelekezi wa uwandani, kila ngazi na nyongeza yake na mamlaka yake. Mamlaka hata kuliko nyongeza. Afisa mwandamizi awe na kifungu kidogo cha fedha anachoweza kukitumia kwa uamuzi wake kutatua tatizo la kikundi bila kuandika barua tatu. Jina lake liwe kwenye ripoti aliyoiandika. Mfadhili akija, yeye ndiye aeleze kazi, si wewe kwa niaba yake. Na huyo aliyeondoka mpigie simu. Usimwombe arudi. Mwulize kama angekubali kumwelekeza mmoja wa wapya kwa simu mara mbili kwa mwezi, kwa malipo kidogo. Wengi hukubali, kwa sababu waliondoka kwenye kazi, hawakuwaacha wale watu.

Mwisho kuna wawili waliobaki, ambao swali lako limewataja kwa maneno mawili tu. Mahojiano ya kuondoka nayaamini kidogo. Anayeondoka anataka barua nzuri ya utambulisho, atakuambia ni sababu za kifamilia. Anayebaki ana la kukwambia zaidi. Nenda kwao wewe mwenyewe, si ofisa utumishi, kila mmoja kituoni kwake na kwa muda wake. Waulize ni siku gani walikaribia kuondoka na nini kiliwazuia. Waulize ni kazi ipi wanayoifanya ambayo wanaona haimsaidii yeyote, kisha ifute moja kati ya hizo kabla mwezi haujaisha, hata kama ni fomu unayoipenda. Waulize pia wanajiona wapi baada ya miaka miwili, na jibu likiwa si kwenu usibadilishe uso. Yafanye mazungumzo hayo kabla tangazo jipya halijatoka, kwa sababu maelezo ya kweli ya kazi hiyo wanayo wao, na tangazo lenu linayahitaji.